Bandeji ya nyuzi za nano yenye manjano: itafunga kidonda cha mguu wa baba?

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yetu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa kumi na mbili anaishi na kisukari. Ana kidonda chini ya unyayo, usawa wa kidole gumba, sasa kinaingia mwezi wa tatu. Hakimuumi, anatembea nacho, dukani kwake anakwenda kila siku. Binamu yetu aliyeko Muscat ametutumia video ya bandeji mpya ya "nano" yenye manjano na mitishamba mingine. Anasema inafunga vidonda vya kisukari kwa wiki mbili, na kuna mtu anaweza kutuletea, kipande kimoja shilingi elfu tisini. Shangazi naye anasema kama ni manjano tu, tuloweke gozi kwenye manjano na mwarobaini tumfunge hapa hapa nyumbani. Tushike lipi? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Msinunue hiyo bandeji, na msiloweke gozi. Nitaeleza kwa nini, maana jambo lenyewe lina utamu wake na sitaki mdhani nawakatalia kwa sababu tu sipendi mitishamba. Naipenda, na sehemu ya kazi yangu ni hiyo. Lakini katika barua yako sentensi iliyonishtua haihusu bandeji yoyote. Ni ile ya "hakimuumi, anatembea nacho". Nitairudia, kwa sababu dawa ya mzee iko hapo.

Kwanza hiyo nano, maana ni kitu cha kweli, si porojo za wauzaji. Unachukua polima, tuseme polikaprolaktoni, plastiki ya kitabibu ambayo mwili huivunja taratibu, au kitu cha asili kama jelatini, au kitosani inayopatikana kwenye maganda ya kamba na kaa. Unaiyeyusha, unaichanganya na dondoo la mmea, unaitia kwenye bomba la sindano. Ncha ya sindano inaunganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000, na mbele yake, sentimita 10 hadi 20 hivi, panawekwa bamba la chuma. Tone linapotokeza kwenye ncha, umeme hulivuta likachongoka, kisha ukachomoka uzi mwembamba unaojipiga huku na huku hewani. Kiyeyushi hukauka njiani, na kwenye bamba hubaki utando mweupe, laini. Ufundi huu si wa jana: hati miliki za kwanza zilitolewa Marekani mwaka 1902, Anton Formhals akapata yake mwaka 1934, na hisabati ya lile tone linalochongoka ilifanywa na Mwingereza Geoffrey Taylor katika miaka ya 1960. Ulilala muda mrefu kabla ya maabara za vyuo vikuu kuuamsha tena miaka ya 1990.

Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Nyuzi hizi huwa na mia kadhaa tu. Hapo ndipo watu wa vidonda walipopata hamu, kwa sababu ngozi yetu yenyewe imeshikiliwa na nyuzi za kolajeni zenye unene wa kiasi hicho hicho, kuanzia nanomita 50 hadi 500. Seli zinazojenga nyama mpya zikiwekwa juu ya utando wa namna hii hushika, hutambaa na kuzaana vizuri kuliko juu ya kitu kilicho laini kama kioo. Utando unapitisha hewa na mvuke, unanyonya majimaji, na vitundu vyake ni vidogo kiasi cha kuwawekea bakteria wengi kizuizi. Tena eneo la uso wa nyuzi zote hizo kwa pamoja ni kubwa mno, kwa hiyo dawa iliyomo ndani ina njia nyingi za kutokea.

Kwa nini manjano? Kidonda cha mtu asiye na kisukari hupita hatua zake: damu inaganda, seli za ulinzi zinaingia kusafisha, zinaondoka, nyama mpya inajaa, ngozi inafunika. Cha mwenye kisukari hukwama kwenye hatua ya usafi. Seli za ulinzi haziondoki, zinaendelea kumwaga vimeng'enya vinavyokula kolajeni hata ile mpya iliyotengenezwa jana, na mishipa midogo ya damu haichipui inavyotakiwa. Kurkumini, kile kiini cha njano cha manjano, ikiwekwa kwenye seli maabara hutuliza ule uvimbe-joto na kupunguza kemikali zinazounguza tishu. Tatizo lake ni tabia mbaya: haiyeyuki kwenye maji, mwanga unaiharibu, na kwenye mazingira yenye alkali inavunjika upesi. Vidonda sugu navyo huelekea alkali. Kwa hiyo kuificha ndani ya uzi unaoiachia kidogo kidogo ni wazo la akili kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ya nyuzi za polikaprolaktoni zenye kurkumini, na panya waliotiwa kisukari vidonda vyao vilifunga haraka zaidi. Baada ya hapo mlango ulifunguka. Shubiri, habasoda, mwarobaini, na Centella, ule mmea mdogo wa sehemu chepechepe ambao Wahindi na Wachina wameutumia kwa ngozi tangu zamani, vyote vimeshasokotwa. Hata hina: watafiti wa Iran waliitia kwenye nyuzi za kitosani na kuchapisha matokeo mwaka 2017. (Msije mkakimbilia hina ya harusi. Ile nyeusi iliyochanganywa na piko ina kemikali ya kupaka nywele ambayo huwababua watu hata kwenye ngozi nzima.)

Mpaka hapo binamu yenu hajakosea. Sasa tuje kwa panya.

Karibu kila tafiti utakayoiona yenye maneno nyuzi za nano, mitishamba na kisukari imefanywa hivi. Panya mzima, kijana, anachomwa sindano ya streptozotosini inayoua seli zinazotengeneza insulini. Baada ya siku au wiki chache sukari yake iko juu. Anatobolewa mgongoni tundu la duara, safi, kwa kifaa kilichotakaswa, na dakika hiyo hiyo anafungwa bandeji. Hesabu inaanza.

Mlinganishe na mzee wenu. Sukari ya panya ina wiki, yake ina miaka kumi na mbili. Panya ana neva zake zote. Baba hana hisia kwenye unyayo. Mishipa ya damu ya panya ni mizima, ilhali ya mtu wa miaka 61 mwenye kisukari tunaishuku mpaka ipimwe. Kidonda cha panya kina dakika moja na hakina wadudu, cha baba kina karibu miezi mitatu na bakteria wameshajijengea utando wao wa kujikinga. Halafu kiko mgongoni. Panya hakanyagi mgongo wake.

Liko na jambo la maumbile ambalo wauzaji hawalijui na baadhi ya watafiti hulipita kimya. Chini ya ngozi ya panya kuna tabaka la msuli linaloitwa panikulasi, ambalo binadamu karibu hana. Ngozi ya panya ikikatwa, msuli huo unazivuta kingo mpaka zikutane, kwa hiyo sehemu kubwa ya kufunga kwake ni kujikunja. Unyayo wa binadamu hauna namna hiyo: lazima ujaze nyama kutoka chini na kufunika ngozi kutoka pembeni, milimita kwa milimita. Kuna maabara zinazoshona pete kuzunguka kidonda cha panya ili kisijikunje, na mimi tafiti za namna hiyo ndizo nazisoma kwa makini. Lakini ni chache kuliko zile zenye picha nzuri za "siku ya 14, kimefunga". Nadhani hapo ndipo hizo wiki mbili za kwenye video zilipotoka. Ni wiki mbili za panya.

Kwa upande wa binadamu hali ni nyingine. Mwaka 2017 wakemia waliopitia kwa undani maandiko ya kurkumini walihitimisha kwamba hakuna jaribio hata moja la binadamu, lenye kundi la dawa bandia na usiri wa pande zote mbili (mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa ipi), ambalo kurkumini ilikuwa imefaulu, kwa ugonjwa wowote. Na mwongozo wa mwaka 2023 wa kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, unasema waziwazi: usitumie bandeji zilizotiwa mitishamba kwa lengo la kuponya kidonda cha mguu wa kisukari. Asali nayo wameikataa kwa lengo hilo. Hawakusema mimea ni sumu. Walisema ushahidi uliopo ni dhaifu mno kuweza kumshauri mgonjwa.

Msikate tamaa na mimea kwa sababu hiyo, maana upo mfano unaonipa moyo. Taiwan walitengeneza krimu yenye viini vya mimea miwili, Centella na Plectranthus amboinicus. Hii ya pili, licha ya jina lake la visiwa vya Indonesia, asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, na inaota porini hata Tanzania na Kenya. Walifanya jaribio la watu 236 wenye vidonda vya mguu wa kisukari, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: baada ya wiki 16, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 60.7 ya waliopakwa krimu na asilimia 35.1 ya waliofungwa bandeji ya kawaida ya kunyonya. Lina kasoro zake, wagonjwa walijua wanapewa nini na waliogharimia ni watengenezaji. Lakini hivyo ndivyo kazi inavyofanywa: kiasi kinachojulikana, watu halisi, kundi la kulinganisha, muda wa kutosha. Na tazama namba yenyewe. Dawa iliyofaulu, wiki 16, na bado wagonjwa karibu wanne katika kumi hawakufunga. Anayekuahidi wiki mbili kwa kila mtu hajawahi kufunga vidonda hivi.

Nyuzi nazo zimeshafika hospitalini, ila bila mitishamba. Marekani kuna utando wa nyuzi za polima uitwao Restrata ulioruhusiwa mwaka 2017, na hutumika kwenye vidonda vya aina hii. Kilichobaki ni ule mchanganyiko wa viwili, na kati ya maabara na kidonda cha mzee kuna shughuli ambazo hazina mvuto wa kuwekwa kwenye video.

Chukua utakasaji peke yake. Gozi za hospitali zinatakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Polikaprolaktoni inayeyuka kwenye 60. Ukiitia kwenye mashine ya mvuke unatoa kipande cha plastiki kilichoganda. Itakaswe basi kwa gesi ya ethilini oksidi, ambayo lazima itolewe yote kabla ya kumgusa mgonjwa, au kwa mionzi ya gama, ambayo inaweza kukata minyororo ya polima na kuharibu kiini cha mmea ulichohangaika nacho. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote wa bandeji za nano huwa: imetakaswa kwa njia gani, na cheti kiko wapi? Wengi wanaishia hapo.

Au chukua viyeyushi. Polima nyingi huyeyushwa kwa klorofomu na kemikali za jamii hiyo. Zikibaki kwenye nyuzi, unamfunga mgonjwa sumu. Au dawa yenyewe: isiposokotwa kwa ustadi, sehemu kubwa hukaa karibu na uso wa uzi na kumwagika yote saa za mwanzo, na bandeji inayobaki kwa siku tatu zijazo haina kitu. Mmea nao haufanani mwaka hadi mwaka. Manjano ya shamba moja yana kurkumini nyingi, ya shamba jingine kidogo, na bila kupima kiini hicho kila mkupuo huwezi kusema kipande cha leo ni sawa na cha mwezi ujao. Hata hali ya hewa inaingia: unyevu ukizidi chumbani nyuzi zinatoka na vifundo au hazikauki, na sisi wa pwani tunajua unyevu. Tena sindano moja hutoa kama mililita moja kwa saa. Kama myeyuko una polima asilimia 10, hiyo ni gramu 0.1 kwa saa nzima. Viwanda vina mashine kubwa zaidi, lakini mtu anayekuuzia kwa simu kutoka kwenye begi, mwulize kiwanda.

Na mwulize namba ya usajili. Kwa Tanzania, vifaa tiba na dawa vinasimamiwa na TMDA, na kwa Kenya iko Bodi ya Famasia na Sumu. Bidhaa inayogusa nyama wazi ya mgonjwa wa kisukari haina sababu ya kupita mlango wa nyuma.

Sasa shangazi. Mpeni heshima yake, kwa sababu hoja yake ina mantiki: kama kilicho ndani ni manjano, kwa nini tulipie elfu tisini? Jibu ni kwamba kilicho ndani ya nyuzi ni kiini kilichochujwa, kikapimwa na kutakaswa, si unga. Unga wa sokoni umekaushwa juani, umesagwa kwenye mashine iliyosaga vitu vingine, na unabeba mbegu za bakteria ambazo maji ya moto ya jikoni hayaziui, za pepopunda zikiwa miongoni. Kuna nchi ambazo manjano yamekutwa yamepakwa kemikali yenye madini ya risasi ili yang'ae. Bangladesh lilikuwa tatizo kubwa lililochapishwa mwaka 2019. Juu ya hayo, unga unajaza kidonda, unaficha rangi ya nyama, na muuguzi akifungua hawezi kujua kama ule umanjano ni usaha au ni dawa ya shangazi. Mwarobaini uliochemshwa una uchungu unaowasha na kukausha kingo za ngozi mpya. Shubiri nayo, ute wake wa ndani ni mpole, lakini ule utomvu wa njano chini ya ganda unawasha.

Kwa orodha hiyo hiyo muongezee: msimwagie spiriti wala dawa ya kusafishia vyoo na sakafu, msimwage unga wa kapsuli za rangi mbili, na tafadhali sana msimkande kwa maji ya moto. Mguu wenye ganzi hauwezi kusema maji yanaunguza. Nimeona malengelenge ya unyayo mzima yaliyotokana na beseni la maji ya chumvi lililoandaliwa kwa upendo.

Nirudi kwenye sentensi iliyonishtua. Kidonda kilicho chini ya unyayo, usawa wa kidole gumba, kisichouma, ni kidonda cha mgandamizo. Neva zimekufa ganzi, hajui anapokanyaga vibaya; ngozi inajenga sugu, sugu inakuwa ngumu, kila hatua inaikandamiza nyama iliyo chini yake mpaka inapasuka. Akitembea kwenda dukani na kurudi, anavunja mchana kile ambacho mwili umejenga usiku. Kubadilisha bandeji huku anaendelea kutembea ni kuziba pancha na msumari ungali kwenye tairi.

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa kidonda cha aina hii haina nano ndani yake. Ni plasta ngumu inayokumbatia mguu wote mpaka chini ya goti na kugawanya uzito, hogo kwa lugha ya mtaani, ila limefungwa kwa ufundi maalumu. Daktari Paul Brand aliijenga sifa yake, akitoa uzoefu wa wagonjwa wa ukoma nchini India, nao walikuwa na ganzi ile ile, na kuupeleka Carville, Louisiana, huko Marekani. Kwenye jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2001, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 waliofungwa hivyo walipona ndani ya wiki 12. Hakuna bandeji duniani inayokaribia hapo. Sababu mojawapo ni rahisi: hogo mgonjwa hawezi kulivua akakimbilia dukani.

Halifungwi kwa kila mtu. Damu ikiwa haifiki vizuri mguuni, au kukiwa na maambukizi makali, linaweza kudhuru. Kwa hiyo mpelekeni kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa, na msiondoke bila haya kufanyika. Wapime damu ya mguu, kwa kugusa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na kwa kifaa cha kusikiliza mishipa kama kipo. Waguse ndani ya kidonda kwa kijiti cha chuma kilichotakaswa kuona kama kinafika mfupani, na wapige eksirei. Miezi mitatu inatosha mfupa kuambukizwa. Wakate sugu na nyama mfu, kingo zote, mpaka ibaki nyama nyekundu. Mzee hatasikia maumivu, na ninyi mtashtuka kuona kidonda kimekuwa kikubwa. Ni sawa, ndivyo kinavyotakiwa kuanza. Waangalie wastani wa sukari yake ya miezi mitatu iliyopita, dawa zake na figo zake. Antibiotiki apewe kama kuna dalili za maambukizi, si kwa sababu tu kuna kidonda.

Tanzania haiko nyuma kwenye hili kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alishirikiana na Mholanzi Karel Bakker kwenye mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani jinsi ya kutunza mguu wa kisukari, na mpango huo ukawa mfano kwa nchi nyingine. Ulizeni kama hospitalini kwenu kuna muuguzi aliyepitia mafunzo ya miguu. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kuliko sisi wote.

Kama hogo halipatikani, waulizeni kuhusu kiatu cha kupunguza mgandamizo, au sponji nene iliyokatwa tundu usawa wa kidonda na kubandikwa kwenye unyayo. Apate magongo. Duka apewe mtu mwingine kwa miezi miwili mitatu. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote, mzee wa duka hakai ndani, lakini hapo ndipo elfu tisini zenu zingefanya kazi: kumlipa kijana wa dukani na bodaboda ya kliniki. Na malapa ayaache kabisa, ndani na nje.

Bandeji basi iwe ipi? Ya kawaida. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kifunikwe kwa gozi isiyonata, juu yake gozi ya kunyonya, kisiloe wala kisikauke kama ngozi ya ngoma. Ibadilishwe ikilowa. Ipo bandeji moja, yenye sukrosi oktasalfati, ambayo kwenye jaribio la watu 240 Ulaya ilifunga asilimia 48 ya vidonda ndani ya wiki 20, dhidi ya asilimia 30 ya bandeji ile ile bila dawa. Hiyo ni kwa vidonda vyenye upungufu wa damu kiasi, na haifikiriwi mpaka matunzo mazuri yawe yamejaribiwa kwanza. Kama daktari wenu ataitaja, si mitishamba na si nano, na ina ushahidi.

Kuna kipimo kimoja mnaweza kukifanya wenyewe. Siku sugu ikikatwa, wekeni karatasi ya nailoni safi juu ya kidonda bila kukandamiza, mchore ukingo wake kwa kalamu, muandike tarehe. Rudieni kila wiki. Utafiti wa mwaka 2003 wa wagonjwa 203 ulionyesha kwamba vidonda vilivyopungua eneo kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki nne, asilimia 58 vilikuja kufunga kufikia wiki ya 12. Vilivyopungua chini ya hapo, asilimia 9 tu. Kwa hiyo wiki ya nne ikifika na mchoro haujapungua hata nusu, msisubiri. Rudini na karatasi zenu mkononi, muulize upya: damu inafika? mfupa uko salama? mzee anatembea kwa siri? Mara nyingi ni hilo la tatu.

Akipata homa au kutetemeka, mguu ukivimba au kuwa mwekundu kupanda juu, kidonda kikianza kunuka, kidole kikibadilika kuwa cheusi, au sukari ikipanda ghafla bila sababu ya chakula, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hata kama kliniki yenu ni Jumatatu.

Kikifunga, kazi inabadilika tu. Wagonjwa wapatao 40 katika kila 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ganzi haiondoki. Kila jioni mmoja wenu akague nyayo zake na katikati ya vidole. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Akienda msikitini avae soksi nene na aangalie anapokanyaga, hasa ile sakafu ya nje iliyopigwa na jua la mchana. Na alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Daktari Abbas na wenzake wameandika kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam wenye ganzi walioumwa na panya miguuni usiku, wasijue mpaka walipoona damu kwenye shuka asubuhi.